Mpeni Rapa Darasa: Barua ya Wazi kwa Tume ya Huduma za Walimu

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Huduma za Walimu (TSC),
Nairobi.

Nakala kwa Wizara ya Elimu, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo (KNQA).

Waheshimiwa,

Naomba jambo moja. Fungueni njia ya kisheria ya kuwasajili na kuwalipa wasanii wa hip hop wanaofundisha watoto wetu. Kufundisha wanafundisha tayari, na hawakuanza jana. Kwa zaidi ya miaka ishirini wamefundisha katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kwenye kumbi za makanisa, kwenye studio za chumba kimoja, na mara nyingi ndani ya shule mnazozisimamia nyinyi wenyewe. Kwa kuwa majina yao hayamo katika sajili yenu, hakuna mwalimu mkuu anayeweza kuwapa mkataba, kipindi katika ratiba wala malipo ya maana bila kuhofia siku mkaguzi atakapobisha mlango.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili Eastlands. Nina namba yenu, nina cheti changu cha usajili, na ninajua jasho lililokinunua. Siombi cheti hicho kigawiwe kama peremende. Ninaomba kwa sababu nimekaa nyuma ya darasa langu mwenyewe nikamtazama mtu asiye na cheti akiwafundisha wanafunzi wangu kile nilichokuwa nimejaribu kuwafundisha muhula mzima.

Turudi kidogo nyuma, maana wengi huzungumzia hip hop ya Dandora kama kelele za vijana waliokosa kazi. Mtaa huo wa Eastlands ulijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wa kipato cha chini wapewe viwanja wajijengee. Kando yake likawekwa jaa la taka la jiji zima, nalo lipo hadi leo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papo hapo Nairobi, lilipima damu ya watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao wakakutwa na madini ya risasi kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Hao ndio watoto wanaoketi kwenye madawati yetu.

Katika mtaa huo, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu waliojiita Kalamashaka waliamua kurap kwa Kiswahili na Sheng wakati redio nyingi zilikuwa zikitukuza Kiingereza cha Marekani. Wimbo wao Tafsiri Hii ulifungua mlango. Lakini kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Wadogo wao wa mtaani walianza kukusanyika kwao kuandika mistari, kusomeana, kusahihishana, kukatana kauli. Kutokana na mikusanyiko hiyo likakua kundi la Ukoo Flani Mau Mau, lililowaunganisha wasanii wa Dandora na wenzao wa Mombasa, na mwaka 2004 ikatoka albamu ya Kilio cha Haki. Wanaoisikiliza husikia hasira, nayo imo kweli. Mimi nikiisikiliza nasikia pia warsha ya uandishi: vijana wengi waliojifunza kupanga hoja, kutafuta kina, kumsubiri mwenzao amalize ubeti ndipo waingie. Hakuna aliyewalipia karo. Mkubwa alimfundisha mdogo, basi.

Mmoja wa wadogo hao alikuwa Julius Owino, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Juliani. Alitoka chini ya mbawa za Ukoo Flani Mau Mau akatoa albamu yake, Mtaa Mentality, mwaka 2008, kisha Pulpit Kwa Street. Alipokwisha kuwa na jina angeweza kuhamia upande wa pili wa jiji na kuusahau mtaa, na sidhani kuna ambaye angemlaumu. Alirudi Dandora akaanzisha kituo cha vijana kinachoitwa Dandora Hip Hop City, watoto wapate mahali pa kujifunza muziki na sanaa nyingine. Pale likazaliwa wazo ambalo ningependa kila mwandishi wa mtaala alitafakari: mtoto akusanye taka zinazoweza kuuzwa, azilete kituoni, ahesabiwe pointi, na kwa pointi hizo apate anachokihitaji. Jaa lililotia sumu kwenye damu ya watoto likageuzwa ada ya masomo. Huo ni ualimu, waheshimiwa. Kupanga mafunzo kutokana na mazingira halisi ya mwanafunzi ni jambo ambalo sisi tuliosomea ualimu tulitahiniwa juu yake, naye alilifanya bila kuambiwa na mtu.

Wala hayuko peke yake. Henry Ohanga wa Kibera, yaani Octopizzo, alikwenda Kakuma na Dadaab kufanya kazi na vijana wakimbizi wenye vipaji, na mwaka 2016 ikatoka albamu ya Refugeenius, ambayo sauti zao zimo ndani yake. Ng'ambo ya mpaka, mjini Kampala, Abraham Tekya, maarufu kama Abramz, alianzisha Breakdance Project Uganda mwaka 2006, na madarasa yake ya densi na muziki ni ya bure. Anayejua hatua moja humfundisha asiyeijua. Na hapo hapo ukingoni mwa jaa la Dandora, upande wa Korogocho, kuna Ghetto Classics iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008, ambako watoto wa mtaa hupiga fidla na tarumbeta. Naitaja ingawa si hip hop kwa sababu Wakenya wengi huipigia makofi bila wasiwasi wowote. Mtoto wa Korogocho akishika fidla tunasema ameokolewa. Mtoto wa Dandora akishika kipaza sauti tunauliza anavuta nini. Ningeomba Tume isiurithi ubaguzi huo.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, Fasihi, ina swali la ushairi, na kila mwalimu anajua jinsi wanafunzi wanavyolikimbia. Wanakariri majina ya bahari, wanakariri maana ya mizani na vina, na bado shairi linabaki ukuta mbele yao. Msanii mmoja wa mtaa, mtu aliyeanza kurekodi tangu enzi za Kilio cha Haki, alikubali kuja darasani kwangu kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Hakuleta spika. Aliwaambia wanafunzi wagonge dawati taratibu, mapigo manne, warudie, warudie tena, mpaka darasa zima likawa na pigo moja. Kisha akauliza nani ana mstari.

Kijana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye insha zake nilikuwa nikizidai kama deni la dukani, akasema, "Nimelala na njaa tena mama hajarudi kutoka sokoni." Darasa likacheka kidogo, kisha likanyamaza. Msanii hakumpa pole wala hakumsifu. Alimwambia aseme mstari ule juu ya pigo la madawati. Haukukaa, maneno yalimwagika nje ya mapigo. "Kuna abiria amezidi humu," msanii akasema. "Mshushe." Kijana akajaribu tena, akihesabu silabi kwa vidole chini ya dawati, nami nikimwona. Aliitoa "na". Akaing'ang'ania "sokoni" kwa muda mrefu, hataki kuiacha, kwa sababu ndiko mama yake anakouza. Msanii akamwambia asiitupe, aihamishie mstari wa pili. Dakika kumi hivi baadaye ubaoni kulikuwa na hii:

Nimelala njaa tena, mama bado hajarudi,
Sokoni watu hakuna, nani atabisha hodi?

Hesabuni. Silabi nane, nane, nane, nane. Kina cha kati "na", cha mwisho "di". Mizani kumi na sita kila mshororo, kama utaratibu wa kimapokeo unavyodai katika shairi la kawaida, na kijana yule hakuwa amefungua kitabu. Nilipoinuka kueleza kwamba alichokifanya kina jina, kwamba mahali alipopumua panaitwa mwisho wa ukwapi na alipomalizia ni utao, nilisikilizwa kama sijapata kusikilizwa. Msamiati wote ule ambao kwa wiki kadhaa ulikuwa ukipita juu ya vichwa vyao sasa ulikuwa na mahali pa kutua. Wiki iliyofuata niliwaletea mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yale ya kujibizana na watu wa Lamu kina Zahidi Mngumi mwanzoni mwa karne ya 19. Wanafunzi waliyaelewa papo hapo. Walijua maana ya mtu kumtupia mwenzake ubeti na mwenzake kuudaka na kuurudisha ukiwa mzito zaidi. Walitaka kujua nani alishinda.

Hivyo ndivyo msanii huyu alivyotumia kipindi kimoja. Alipoondoka Ijumaa ile, nilimsindikiza hadi langoni. Katika daftari la wageni, penye safu ya sababu ya ziara, bawabu alikuwa amemwandikia "burudani". Shule ilimpa nauli. Haikuwa na kifungu kingine cha kumlipia, na mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mwema, aliniomba nisimwalike mara kwa mara asije mtu akauliza maswali.

Maswali hayo yana msingi, nami naujua. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012, Kifungu cha 23, inakataza mtu kufundisha bila kusajiliwa. Ili msanii asajiliwe kufundisha sekondari, atahitaji alama ya C+ katika KCSE, C+ nyingine katika masomo mawili atakayofundisha, halafu diploma au shahada ya ualimu. Wengi wa wasanii ninaowazungumzia waliacha shule kwa kukosa karo, au walimaliza na alama ambazo mtihani wa siku chache uliwapa. Kumwambia mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyekwisha kulea kizazi cha waandishi mtaani, arudi akafanye KCSE ndipo aruhusiwe kufundisha kutunga mistari, ni kumwambia asije.

Lakini Katiba haikuwafunga mikono. Ibara ya 237, ambayo ndiyo iliyowapa uhai wenu wa kikatiba, inawataka msajili walimu waliofunzwa. Ibara hiyo hiyo, katika fungu la tatu, inawapa jukumu la kupitia upya viwango vya elimu na mafunzo ya watu wanaoingia katika huduma ya ualimu. Viwango ni vyenu kuvipitia. Tena nchi hii tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, chini ya KNQA. Fundi wa kuchomelea vyuma wa Gikomba ambaye hakumaliza darasa la nane anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake, akapewa cheti kinachotambulika. Tumekubali kwamba mikono inaweza kusoma bila kalamu ya mwalimu. Sioni kwa nini tukatae kwamba ulimi pia unaweza.

Na wakati wenyewe ni huu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo mitatu waliyopewa wachague ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, wenye Muziki na Densi, Sanaa za Uchoraji, na Maigizo na Filamu. Mtaala unataka mwanafunzi atunge, aigize, arekodi, auze kazi yake. Naomba mjiulize kwa dhati nani atamfundisha. Walimu wa muziki waliohitimu vyuo vyetu ni wachache, na wengi wao wamefunzwa kwaya na nota za Ulaya, kazi ya heshima ambayo sina neno baya juu yake. Ni wangapi wamewahi kutengeneza biti, kuingia studio, kusoma mkataba wa kurekodi, kudai haki za wimbo wao? Shule nyingi hazifundishi mkondo huu kabisa, na sababu mojawapo ni walimu. Mzazi wa Eastlands ambaye mwanawe amechagua sanaa anaambiwa ampeleke mbali, na huku jirani yake wa ukuta mmoja ni mtu aliyeuza albamu.

Isitoshe, shule zimekuwa zikiwatumia watu kama hawa miaka yote. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kila msimu ukiwadia wapigaji ngoma wa kijijini huletwa shuleni kuwafunza watoto. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, isingefika jukwaani kwa mikono ya walimu wenye namba za TSC peke yao. Wazee wanaifundisha, wanapewa chai na nauli, kombe linaletwa shuleni na picha inapigwa. Tumezoea hivyo mpaka hatuoni tena kwamba ni dhuluma.

Najua hofu zilizopo, na ya kwanza ni usalama wa watoto. Hiyo naiweka mbele ya zote. Msanii anayeingia darasani awe na cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), afungwe na kanuni zile zile za maadili zinazonifunga mimi, na asikae na wanafunzi bila mwalimu aliyesajiliwa kuwapo. Na kwa hakika hali ya sasa ndiyo ya hatari zaidi, maana watu huingia shuleni kwa kujuana, bila kuandikwa popote, na wakikosea hamna namba ya kuifuta.

Hofu ya pili ni lugha. Wenzangu wa Kiswahili wataniuliza kama nataka Sheng iingie darasani. Sheng iko darasani. Imeketi kwenye madawati yote. Mwanafunzi anayejua kwamba mstari wake una toleo la mtaani na toleo sanifu, na akajua ni lini atumie lipi, amepiga hatua kuliko yule anayeogopa kufungua kinywa. Lugha ya matusi ni jambo lingine, na ninawahakikishia kwamba msanii mwenye umri na watoto wake mwenyewe huwa mkali juu ya hilo kunishinda.

Kuna pia wenzetu waliohitimu ualimu wanaosubiri ajira miaka nenda miaka rudi. Wana haki ya kuuliza kwa nini mtu asiyesomea kazi atangulie. Ndiyo maana siombi msanii apewe nafasi ya kudumu. Naomba mkataba wa muhula, kwa vipindi maalumu, kando ya mwalimu wa somo. Kipindi chake hakimnyang'anyi mtu, kwa kuwa leo hakifundishwi na mtu.

Halafu kuna hofu ambayo haisemwi kwa sauti. Aprili 2025 tuliwaona wasichana wa shule ya Butere wakizuiliwa kuigiza mchezo wa Echoes of War katika tamasha la drama, mahakama ikaagiza waruhusiwe, na bado siku yenyewe mjini Nakuru kukawa na vitoa machozi. Moja ya hoja zilizotolewa upande wa serikali ilikuwa kwamba mwandishi wa mchezo ule, Cleophas Malala, hakuwa mwalimu. Nahofia usajili usije ukageuzwa lango la kuchuja maoni. Hip hop ya Dandora ilizaliwa ikiuliza maswali kuhusu ardhi, polisi na njaa, na msanii akiambiwa ayaache maswali hayo langoni hatakuwa na cha kufundisha. Katika kanuni mtakazotunga, naomba mwandike waziwazi kwamba msanii mkufunzi hatanyimwa wala kufutiwa usajili kwa sababu ya maudhui ya kazi yake ya sanaa, mradi tu haivunji sheria za kuwalinda watoto.

Ninachokipendekeza kinaweza kuanza bila kubadilisha sheria nzima. Tume na KNQA waunde jopo la kuwapima wasanii kwa kazi: waje na walichotunga, wafundishe kipindi kimoja mbele ya wanafunzi halisi, waulizwe watafanyaje na mtoto anayelia katikati ya ubeti. Katika jopo hilo wawemo wasanii wenyewe, watu wa kizazi cha Kalamashaka na Ukoo Flani, kwa sababu hakuna mhadhiri anayeweza kupima kitu ambacho hajawahi kukifanya. Anayefaulu apewe kozi fupi ya mbinu za kufundisha wakati wa likizo, kisha aandikwe katika kitengo kipya cha sajili. Malipo yatoke katika fedha za Tume na yajulikane kwa kipindi, isiwe tena hisani ya mwalimu mkuu. Mwanzo uwe shule zenye mkondo wa sanaa Nairobi na Mombasa, mwaka mmoja, tuone.

Mimi niko tayari kulifungua darasa langu kwa jaribio hilo, na kukaa nyuma na daftari, niandike kinachofaulu na kisichofaulu. Msanii niliyemtaja nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Ameniuliza jambo moja tu, nami nalileta kwenu kama lilivyo kwa kuwa ni nyinyi mnaoweza kulijibu: atume maombi yake kwa ofisi gani, na aambatishe nini?

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili,
Eastlands, Nairobi.